Bunduki Nyepesi, Bata Mzinga na Karatasi Yenye Matundu

Poleni kwa ukimya. Najua ukurasa huu umelala tangu mwezi wa pili. Sikuugua wala sikufukuzwa kazi. Nilikuwa msituni, nimeketi chini ya mti nikiwa na nguo za mabaka, nikimngoja ndege.

Basi leo sina habari za hifadhidata wala lugha mpya ya kuandikia programu. Leo naandika kuhusu kifaa kisicho na skrini wala waya wa kuchaji, kifaa ambacho ukikosea hakuna kitufe cha kurudisha ulichofanya. Naandika kuhusu bunduki.

Msishtuke. Hata mimi nilishtuka. Nimezaliwa Nakuru, na huko bunduki niliyoijua ni ile ya askari wa benki. Uwindaji wa wanyamapori Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, kabla sijazaliwa, kwa hiyo habari za kuwinda nilizisikia kwa babu tu, tena za mitego. Siku nilipomwambia mama kwa simu kwamba nataka kununua bunduki, alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Bunduki ya nini, mwanangu? Na wewe ni mtu mweusi katika nchi ya wenyewe?" Swali hilo halikuwa la mzaha, na nitalirudia huko mbele.

Ninaishi Missouri, katikati ya Marekani, miaka kadhaa sasa. Kazi yangu ni kuandika programu, na nyumba yangu iko mwisho wa mji, pale mashamba yanapoanzia. Msimu wa kuchipua, mwezi wa nne, ukifungua dirisha alfajiri unasikia mabata mzinga wa porini wakiita kutoka kwenye miti. Kwetu bata mzinga wengine humwita kolokolo, na mwenye kutunga jina hilo alisikiliza vizuri. Ila huyu wa porini si yule mnene anayefugwa kwa ajili ya Krismasi. Ni mwembamba, anakimbia, anaruka, usiku analala juu ya mti, na macho yake sijui niyafananishe na nini. Anaona rangi, anaona karibu pande zote bila kugeuza shingo, na ukitikisa kidole tu ameshaondoka.

Hapa ndege hawa nusura waishe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Missouri ilikuwa imebakiwa na elfu chache tu. Jimbo likaanza kuwakamata waliobaki na kuwapeleka kwenye misitu mingine wakazaane, na mwaka 1960 likafungua msimu wa kwanza wa uwindaji wa zama hizi. Sehemu ya fedha za kazi kama hiyo hutoka kwa wawindaji wenyewe: kwa sheria ya mwaka 1937, kila bunduki ndefu na kila pakiti ya risasi inayouzwa Marekani hutozwa kodi ya asilimia 11 inayokwenda kuhifadhi wanyama. Sisemi Kenya ifuate njia hiyo, maana kila nchi ina historia yake. Nasema tu kwamba nilipojua hilo niliacha kuwaona wawindaji kama majangili wenye leseni.

KOSA

Mwaka wa kwanza sikununua kitu. Niliazimwa bunduki na jirani yangu, mzee mstaafu mwenye shamba lenye msitu nyuma yake. Ilikuwa bunduki ya marisau, yaani isiyotoa risasi moja bali mamia ya vipunje vidogo vinavyotawanyika kadiri vinavyokwenda. Geji 12, mtutu mrefu, kilo 3.6 ikiwa imejazwa. Mafunzo ya usalama nilikuwa nimemaliza. Missouri humlazimu kila mwindaji aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1967 au baada ya hapo kuyapitia. Leseni nilikuwa nayo. Mzee akaniambia jambo moja tu: "Kabla ya msimu, nenda ukaipige kwenye karatasi."

Sikwenda. Nilikuwa na kazi ya kukabidhi ofisini wiki ile, na moyoni nilijiambia, vipunje mia tatu hivi, nitamkosaje ndege mwenye ukubwa ule? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini safari hii guu halikuwa langu.

Bata mzinga hapigwi mwilini. Manyoya na misuli ya kifua humkinga, naye hukimbia na majeraha akafie mbali. Hupigwa kichwani na shingoni, mahali penye upana wa vidole vichache, na mwindaji anayejiheshimu aliyezoea risasi za kawaida havuki mita 36 hivi. Sasa jaribuni kunionea picha: saa kumi na mbili na robo asubuhi, nimeegemea mwaloni, bunduki nimeilaza juu ya goti, na dume la bata mzinga linakuja polepole kuitikia mlio wangu. Linapiga hatua tatu, linasimama. Linatandaza mkia, linasimama. Dakika kumi. Dakika ishirini. Siwezi kushusha bunduki kwa sababu litaona. Mkono unaobeba mtutu unaanza kutetemeka kama wa mlevi.

Tena mimi ni wa mkono wa kushoto. Kitufe cha usalama cha bunduki ile kiko nyuma ya kifyatulio, kimetengenezwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia, na ilinibidi nikitafute kwa kukunja kidole upande usio wake. Kitako nacho kilikuwa kirefu kwangu, shavu halikukaa sawasawa. Nikafyatua.

Ndege akaanguka, akabiringika, akainuka. Akaingia kichakani akikokota bawa moja.

Nilimtafuta hadi saa sita mchana. Mzee alikuja tukatafuta pamoja, mstari kwa mstari, kama watu wanaotafuta ufunguo uliodondoka. Tulipata manyoya na matone ya damu juu ya majani. Mzee hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nimeshawahi kuharibu mfumo wa watu ukazima usiku kucha, nikajisikia vibaya, asubuhi nikatengeneza, mambo yakaisha. Hili halikuwa na asubuhi.

Kesho yake mzee alikata ubao mkubwa wa kasha la jokofu, akachora nukta nyeusi katikati, akanipa bunduki nikae chini kwa hatua arobaini. Nikalenga nukta, nikafyatua. Wingu la matundu lilikaa sentimita 20 juu ya nukta. Nikapiga tena. Pale pale.

Usiku nikafanya hesabu. Kutoka jichoni mwangu hadi kishanga cha kulengea mbele ya mtutu ni kama sentimita 90. Shavu likiinuka kwenye kitako kwa milimita 5 tu, ukifika mita 35 zile milimita 5 zimekuwa karibu sentimita 20. Bunduki haikuwa na hitilafu yoyote. Ilikuwa ndefu na nzito kwa mtu anayeishika, basi. Na hilo karatasi ingeniambia mapema, kama ningeiuliza.

HESABU

Mwaka uliofuata nikaamua kutafuta bunduki yangu, na neno la kwanza nililoandika kwenye daftari lilikuwa "nyepesi". Lakini wepesi una gharama yake. Unapofyatua, bunduki inarudi nyuma na kukupiga teke begani, na kadiri ilivyo nyepesi ndivyo inavyorudi kwa kasi. Kwa miaka mingi ndiyo maana bunduki za bata mzinga zilikuwa nzito: vipunje vilikuwa vya risasi (Kiswahili kimetupa mtego hapa, maana madini yale yenyewe huitwa risasi), ilibidi viwe vikubwa ili vipenye, viwe vingi ili visikose, na mzigo huo unataka geji 12.

Kilichobadilisha mambo ni metali iitwayo tangsteni. Risasi ina uzito wa kama gramu 11 kwa kila sentimita moja ya ujazo; vipunje vya tangsteni vizito kabisa vina gramu 18. Sasa angalieni. Uwezo wa kipunje kupenya hufuata, kwa makadirio, uzito wa metali ukizidisha kwa kipenyo. Kipunje cha risasi namba 5 kina milimita 3: mara 11, unapata 33. Kipunje cha tangsteni namba 9 kina milimita 2: mara 18, unapata 36. Yaani kadudu ka milimita 2 kanapenya sawa na kale ka milimita 3, au kuzidi kidogo. Na kwa kuwa ni kadogo, vinaingia vingi. Wakia moja, gramu 28, ya namba 5 ya risasi ina vipunje kama 170. Wakia moja ya namba 9 ya tangsteni ina kama 360.

Kwa hiyo geji 20 yenye wakia moja na nusu ya tangsteni hutoa vipunje kama 540, wakati geji 12 ya mzee yenye wakia 2 za risasi hutoa 340. Bunduki ndogo imempita mkubwa wake. Hata ile ndogo kabisa inayoitwa .410, ambayo zamani walipewa watoto kuwindia sungura, kwa tangsteni hubeba vipunje karibu 300.

Na teke je? Nikaandika kiprogramu cha mistari kumi. Chukua uzito wa vipunje, zidisha kwa kasi yake, kipeo cha pili, gawanya kwa mara mbili ya uzito wa bunduki. Nimeacha baruti na plastiki inayobeba vipunje, kwa hiyo teke la kweli ni kubwa zaidi ya haya, lakini kulinganisha kunatosha:

Geji 12 ya mzee, kilo 3.6, wakia 2 za risasi kwa mita 350 kwa sekunde: joule 55.
Geji 20, kilo 2.8, wakia moja na nusu ya tangsteni kwa mita 335: joule 36.
Geji 20 ya mtutu mmoja, kilo 2.3, mzigo ule ule: joule 44.
.410, kilo 2.3, mzigo wake wa tangsteni: joule 13.

Tazameni mstari wa pili na wa tatu. Risasi ni ile ile, tofauti ni nusu kilo ya bunduki, na teke limepanda kwa zaidi ya theluthi ya nusu, kutoka 36 hadi 44. Nusu kilo unayoishukuru unapopanda kilima ndiyo hiyo hiyo inayokupiga begani. Kwa hiyo swali zuri ni hili: nyepesi kiasi gani, kwa mzigo gani, na kwa bega la nani?

KUCHAGUA

Nilipita katika njia tatu. Ya kwanza ni bunduki ya kukunja ya mtutu mmoja, kama Stevens 301, ambayo hujazwa risasi moja tu. Ni nyepesi kupita zote, rahisi kwa bei, na mtu akinunua ya .410 amepata kitu kizuri sana kwa kazi hii. Ya pili ni zile zinazojikoki zenyewe, ambazo baadhi hutumia gesi ya baruti kusukuma mtambo na hivyo kupunguza ukali wa teke. Ni nzuri, lakini bei yake ni ya kompyuta mpakato nzuri, nami nilikuwa nimebadilisha kompyuta mwaka ule ule.

Ya tatu ndiyo niliyoichukua: Mossberg 500 ya geji 20, ya kukoki kwa mkono, aina ya Bantam yenye kitako kifupi na mtutu wa inchi 22. Kiwandani hawakuwa wakinifikiria mimi. Walifikiria vijana na watu wafupi. Lakini ina uzito wa kilo 2.8, na kitufe chake cha usalama kiko juu, nyuma ya mwili wa bunduki, pale kidole gumba kinapokaa. Kwa kidole gumba hakuna kulia wala kushoto. Mwenye mkono wa kushoto ataelewa kwa nini nilicheka dukani peke yangu. Isitoshe, geji 20 inakubali risasi za bei nafuu za kufanyia mazoezi, na .410 ya mtutu mmoja isingenifaa kwa mambo mengine.

Kununua kwenyewe: unajaza fomu ya serikali ya shirikisho, mwenye duka anaulizia rekodi yako kwa mfumo wa FBI ulioanza kazi mwaka 1998, majibu yanarudi. Mimi nina kibali cha ukaazi wa kudumu, na fomu ina mahali pa kuandika namba yangu ya uhamiaji. Wenye viza za muda sheria huwakataza isipokuwa kwa masharti maalumu, kwa hiyo mtu asisome hapa akakimbilia dukani. Asome sheria kwanza, ya nchi na ya jimbo lake.

Na swali la mama? Nililichukulia kwa uzito. Siwindi mahali nisipojulikana. Ninawinda kwenye shamba la mzee, majirani zake wote nimeshakunywa nao kahawa, na kila asubuhi ninayokwenda namwandikia ujumbe nitaketi wapi. Ninapotembea huvaa kizibao cha rangi ya machungwa, nakivua nikishaketi. Hayo si ya mtu mweusi peke yake. Katika uwindaji huu hatari kubwa ni mwindaji mwenzako kukudhania ndege. Kichwa cha dume huwa na nyekundu, nyeupe na buluu, kwa hiyo rangi hizo huzivai hata soksi. Ukisikia mlio wa bata mzinga huunyemelei, maana huenda ni mtu anayeuigiza kama wewe. Na unaegemea mti mpana kuliko mabega yako.

KUREKEBISHA

Sisi watu wa kompyuta tuna ugonjwa wa kurekebisha kila kitu. Nitawaambia nilichofanya, kilichofaa na kilichokuwa upuuzi.

Kilichofaa kwanza ni urefu wa kitako. Kitako changu nilikipatia vipande vya kuongezea. Nilikiweka, nikavaa nguo zote za alfajiri ya baridi, nikafumba macho, nikaipandisha bunduki begani, nikafumbua. Kama jicho halikukaa penyewe nyuma ya mtutu, nilibadilisha. Mara nne. Kazi ya jioni moja na bisibisi, na nadhani ndiyo iliyonisaidia kuliko zote.

Pili, kilengeo cha nukta nyekundu. Ni kioo kidogo chenye taa ndani (hiyo ndiyo betri pekee katika habari hii), na mwili wa Mossberg 500 huja na matundu yenye nyuzi tayari kukifunga. Uzuri wake ni kwamba nukta ikikaa juu ya shabaha, shavu hata likipotoka kidogo, mtutu bado unaelekea pale. Ile milimita 5 iliyoniponza inakuwa si kitu. Lakini kilengeo hukaa juu kuliko kishanga, shavu likawa linaning'inia hewani, kwa hiyo nilifunga mto mwembamba wa sponji juu ya kitako.

Tatu, choki. Msichanganye na chaki. Ni bomba fupi lenye nyuzi linaloingia mdomoni mwa mtutu na kuubana, ili vipunje vitoke vikiwa vimekusanyika. Mtutu wa geji 20 una upana wa ndani wa milimita 15.6 hivi. Nilinunua choki ya bei kali, nyembamba kupita zote dukani, nikiamini kwamba kubana zaidi ni bora zaidi. Karatasini ilitoa wingu lenye mapengo, vipunje vimerundikana huku, kule hamna kitu. Nikarudi kwenye choki ya wastani ya milimita 14.4 kutoka kwa fundi huyo huyo, na wingu likajaa. Angalizo moja: tangsteni ni ngumu sana, tumieni choki ambayo mtengenezaji ameiandika kwamba inaifaa.

Nne, mkanda wa kubebea. Mrahisi, wa kitambaa. Hauna hadithi.

Upuuzi sasa. Nilipokuwa nimelewa neno "nyepesi" nilitoa ule mpira mzito wa nyuma ya kitako nikaweka mwembamba, nikaokoa gramu chache. Risasi ya kwanza ya tangsteni ikanipasua mdomo kwa ndani. Ya pili nikafumba macho kabla ya kufyatua, na nikijua kabisa nimefumba. Mtu anayefumba macho hana tofauti na mtu mwenye mkono unaotetemeka. Nilikuwa nimezunguka njia ndefu kurudi kwenye kosa lile lile. Nikarudisha mpira mnene, nikaongeza na kiroba kidogo cha gramu 150 ndani ya kitako. Jumla ikafika kilo 3 na kidogo. Ndiyo, nilinunua bunduki nyepesi kisha nikaiongeza uzito. Chekeni tu.

KARATASI

Idara ya Uhifadhi ya Missouri ina viwanja vya shabaha vilivyo wazi kwa wananchi. Nilikwenda Jumamosi tatu mfululizo mwezi wa tatu, nikiwa na karatasi za upana wa mita moja, kalamu, na sahani ya sentimita 25 ya kuchorea duara.

Risasi za tangsteni ni ghali, kama dola 10 au zaidi kwa moja, kwa hiyo nilianza na risasi nafuu kwa hatua ishirini kuleta nukta karibu na mahali pake. Kisha nikahamia tangsteni kwa mita 36, kwa kuwa kila aina ya risasi hupiga mahali pake na hakuna njia ya mkato. Wingu lilikuwa sentimita 11 kushoto. Kilengeo changu husogea kwa mlio mdogo, na kila mlio kwa umbali ule ni sentimita moja na chembe. Nikageuza milio kumi kwenda kulia. Nikapiga tena, nukta ikawa katikati ya wingu.

Halafu nikahesabu matundu ndani ya duara. Kanuni wanayoitumia wawindaji wengi ni matundu 100 ndani ya duara lile. Mimi nilipata 214, kisha 198. Nikakunja karatasi nikaipeleka kwa mzee. Aliivaa miwani, akaitazama, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Ulipiga ukiwa umekaa mezani?" Nilikuwa nimekaa mezani. "Msituni kuna meza?"

Jumamosi ya tatu nikakaa chini, mgongo kwenye nguzo, goti juu, bega la kulia likielekea shabaha kama mtu wa mkono wa kushoto anavyopaswa kukaa. Nikaipandisha bunduki, nikaweka saa, nikakaa dakika kumi na tano bila kushusha. Ndipo nikafyatua. Wingu likakaa kwenye nukta. Nikapiga na ya mita 10 pia, na hapo nikajifunza kitu: kwa karibu namna ile wingu ni dogo kama ngumi. Watu hudhani ndege akiwa karibu hakosewi. Anakosewa, tena sana.

Kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake. Mimi hupenda sana kusoma vipimo vya vifaa, nalinganisha majedwali hadi usiku wa manane. Jedwali hunieleza bunduki ilivyo. Halijawahi kunieleza inapiga wapi ikiwa mikononi mwangu, saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa na baridi na moyo unaenda mbio.

APRILI

Msimu ulifunguliwa Jumatatu ya tatu ya mwezi wa nne. Siku ya kwanza mvua. Siku ya pili dume lilikuja, likasimama kwenye mti niliokuwa nimeupima kwa hatua: mita 50. Tangsteni labda ingefika. Labda. Karatasi yangu iliishia mita 36, kwa hiyo nami niliishia hapo. Likatazama, likaondoka. Siku ya nne lilikuja jingine karibu zaidi, lakini majike wawili walikuwa nyuma yake kwenye mstari mmoja, na vipunje havichagui. Nikalisindikiza kwa macho.

Jumamosi, saa moja kasorobo asubuhi, likaja moja peke yake. Lilinichukulia muda, karibu robo saa, bunduki gotini. Mkono haukutetemeka. Kidole gumba kikapata kitufe bila kutafuta. Hatua ishirini na nane. Nukta ikakaa chini ya kichwa, nikafyatua, na ndege akaanguka alipokuwa amesimama. Hakuinuka.

Sikushangilia. Nilikwenda nikapiga magoti pale, nikagusa manyoya ya kifua yanayong'aa kama shaba iliyosuguliwa. Nikatoa taarifa kwa simu kama sheria inavyotaka, kabla ya saa nne usiku wa siku ile ile, nikambeba hadi kwa mzee. Nyama tuligawana. Sehemu yangu niliipika pilau, mapaja yakachemka saa mbili nzima maana ndege wa porini ana mishipa ya mkimbiaji.

Jioni nikampigia mama. Nilimweleza yote, joule na choki na karatasi, naye alisikiliza kama anavyosikiliza habari za kompyuta, yaani kwa uvumilivu. Mwisho akauliza swali moja tu.

"Na huyu alikufa upesi?"

"Ndiyo mama. Upesi."

"Haya basi," akasema. "Na yule wa mwaka ule usimsahau."

Sijamsahau. Ile karatasi yenye sentimita 20 za kosa langu nimeibandika ukutani, juu ya kompyuta ninayoandikia haya. Ile yenye matundu 214 iko kwenye droo.

Tutaonana wiki ijayo, Mungu akipenda, turudi kwenye ile habari ya hifadhidata niliyowaahidi.